Mwaka Tulioliinua Jipu la Bwana Hemedi

Siku tuliyomzika Nkwabi, pale Kharumwa, niliwaaibisha wajukuu zangu. Watu walikuwa bado wanamiminika msibani, wanawake wanaingia na vikapu vya udaga, ile mihogo mikavu, vichwani, na mimi mzee mzima, nimevaa suti yangu nyeusi, nimelala chali uvunguni mwa gari la watu. Gari lilikuwa la vijana wa Nyasubi kule Kahama, wanunuzi wa dhahabu, limenyanyuliwa mpaka anayetaka kupanda inabidi ajishike mlangoni na kusema bismillahi. Mwenye gari akaja mbio akidhani nimeanguka. "Shikamoo babu, umeumia?" Nikamwambia marahaba, sijaumia, niambie hizi kabari za mbele nani kakuwekea, maana huyo anaijua kazi. Akajibu zimekuja hivyo hivyo ndani ya boksi kutoka Dar es Salaam. Nikabaki pale chini nakitazama kipande cha chuma kisichozidi kiganja, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, nikamwona marehemu akiwa na miaka ishirini na mitano, amekasirika, hataki kuniangalia usoni, kwa sababu ya kipande kama kile.

Habari za ukoo wangu sitaziandika. Mimi nataka mwaka mmoja tu, miaka ya hamsini ilipokuwa imeanza, na mwaka huo unaanza na ngumi. Nilikuwa nafanya kazi mgodini, upande wa Geita. Nyapara mmoja akamwita rafiki yangu mbwa mbele ya watu, rafiki mwenyewe akanyamaza, mimi nikashindwa kunyamaza kwa niaba yake. Ngumi ilikuwa moja, na hiyo moja ikanifikisha getini na kifurushi changu. Sijajuta mpaka leo. Kazi yangu kule chini ilikuwa ya magogo: tunasimamisha nguzo za kuzuia mwamba, halafu juu ya nguzo tunagongea kabari za mti mbichi. Chini kule maji yanachuruzika mchana na usiku. Mti unakunywa, unavimba, unabana, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo unavyozidi kushika. Nilishaona kabari ya ukubwa wa kipande cha sabuni imeshikilia mlima. Kwa hiyo nilitoka mgodini mikono mitupu, lakini na imani moja kichwani: mti mgumu ukishagongewa, umemaliza maneno.

Kharumwa nilifikia kwa Mama Holo, mjane aliyekuwa anapika wanzuki, ile pombe ya asali, nyuma ya duka la Bwana Hemedi. Chumba alichonipa kilitenganishwa na jiko lake kwa ukuta wa udongo usiofika kwenye paa, kwa hiyo moshi wake tuliuvuta na habari zake tulizisikia, zote. Nasema tulizisikia kwa sababu chumba kilikuwa na mtu tayari, na mtu huyo ndiye Nkwabi, dereva wa Bwana Hemedi. Mrefu, mweusi tii, anaongea kama mtu anayeogopa maneno yataisha. Leseni yake ya udereva aliifunga kwenye kitambaa cheupe, kitambaa kiko mfuko wa shati, na mfuko ameushona kifungo cha pili. Asubuhi Mama Holo alitupatia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi. Jioni ilikuwa ugali wa udaga na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ameyaunga kwa karanga. Na kukiwa na maziwa ya mgando, tulikuwa tunakula kimya kama watu wa kanisani. Mimi ndiye niliyekuwa naongea. Nkwabi alikuwa anatafuna na kuitikia kwa pua. Wiki ya pili kuna mpiga soga mmoja wa sokoni alimcheka eti anashona mfuko kama mwali. Nikamkunja shati mpaka Nkwabi akaja kunibandua. "Mabula," akaniambia tukirudi, "mfuko ni wangu. Mbona umekasirika wewe?" Nilishaamua tu kwamba huyu ni wangu.

Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nafungua kitu, nakitazama, nakifunga. Nikibaki na nati moja mkononi, nafungua tena. Na kitu cha kufungua kilikuwepo: jipu la Bwana Hemedi, jipu la jeshi lililobaki baada ya vita, alilolinunua Tabora. Bwana Hemedi aliuza chumvi, vitambaa na mchele, mtu wa swala tano, mkali, asiyegusa kilevi wala kukaa karibu na aliyegusa. Lakini jipu lake lilikuwa la watu wote. Mwanamke akishikwa na uchungu mbaya, mtu akiumwa na nyoka, ni jipu hilo na Nkwabi, mpaka hospitali ya Geita. Taabu ilikuwa mbuga. Kabla hujaifikia barabara ya Geita kuna mbuga ya udongo mweusi, na malori ya pamba yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu ya magurudumu, katikati kumebaki tuta. Lori linapita. Jipu, ambalo ni fupi, linakaa tumbo juu ya tuta, magurudumu yanaelea kama miguu ya mtoto aliyekalia kiti cha mkubwa. Hapo ndipo anaitwa nsumba ntale, mkubwa wa vijana wa kijiji. Anapuliza filimbi, vijana wanakuja na kamba, na kabla hawajaligusa gari wanaimba kwanza, wanakuimba wewe uliyekwama, jina lako na la mama yako. Ukishavutwa unatoa mbuzi. Ndiyo ilikuwa desturi, na huwezi kubishana na watu thelathini wenye kamba.

"Hili gari linakula mbuzi kuliko petroli," alisema Bwana Hemedi siku moja barazani kwake. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo, sikuulizwa kitu. Nikasema, "Bwana Hemedi, mimi naweza kuliinua." Akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe ni fundi wa nani?" "Wa kwangu mwenyewe." Watu wakacheka. "Na ukiliharibu?" Hapo Nkwabi, ambaye kwa kawaida barazani hafungui mdomo ila kusalimia, akasema kutoka kule alikokuwa anafuta taa za gari: "Akiliharibu, mimi ndiye nitakayekuwa ndani. Mwacheni ajaribu." Nimeishi miaka mingi, nimepewa vyeti na watu wenye suti, lakini cheti changu cha kwanza ni maneno hayo.

Nikaanza. Jeki moja, magogo ya kuegemeza, na lori lililokufa kwenye uwanja wa pamba kama duka langu la vipuri. Springi za jipu ni pleti za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zinabeba mwili wa gari. Nikatoa pleti mbili mbili kwenye springi za lori, nikazikata na kuzipinda, nikaziongeza kwenye zile za jipu. Vile vyuma viwili viwili vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye fremu, mafundi wanaviita sheko, nikatengeneza vipya, virefu zaidi. Siku ya sita jipu likasimama juu. Vidole vinne vilivyoshikana, ndicho kimo tulichopata, na kwenye mbuga vidole vinne ni uhai. Nikazunguka soko lote nikitangaza. Nkwabi akalitoa kulijaribu, akaenda kama mtu anayekwenda sherehe, akarudi taratibu kwa mwendo wa kutembeza ng'ombe, shati limelowa jasho.

"Mabula," akasema, "gari lina mawazo yake. Naliambia Geita, lenyewe linasema Kahama. Likishika kasi kidogo usukani unatetemeka kama mtu wa malaria."

Nikamwambia hajui kuendesha. Nilisema na mengine, ambayo siyaandiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda kulala akanipa mgongo. Nilikuwa hivyo: namtetea mtu kwa watu wote, halafu mimi mwenyewe ndiye namtukana. Asubuhi nimekaa mlangoni na michembe yangu, hasira haijaniisha, macho yangu yakaangukia baiskeli ya Mama Holo iliyoegemezwa ukutani. Nikautazama ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Haukusimama wima. Juu umelala nyuma kwa mpandaji, chini umetangulia mbele, kama mtu anayevuta kamba. Baiskeli zote ulimwenguni ziko hivyo na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nikaacha michembe. Nikachukua uzi, nikafunga nati, nikaingia chini ya jipu na timazi langu kama tulivyopimia nguzo mgodini. Pini zile ambazo magurudumu ya mbele yanageukia juu yake, zilizopaswa kulala nyuma, zilikuwa zimeinama kifudifudi. Sheko zangu ndefu zimeishusha springi kwa mbele, ekseli, ule mhimili wa magurudumu, imeinama nayo, na gurudumu halina tena kinachoitwa kunyooka. Nkwabi hakuwa na kosa. Nikatoka uvunguni nikamwendea nikamwambia hivyo, mbele ya Mama Holo, na Mama Holo akasema, "Leo mvua itanyesha."

Dawa yake nilishaijua: kabari. Kati ya springi na ekseli unaingiza kabari, upande mnene mbele, ekseli inainuka uso, pini zinalala nyuma. Mtu wa kuifua alikuwa Luhende, mhunzi, Mlongo, wa kabila la wale waliofua chuma tangu enzi za mababu. Nilimkuta amezungukwa na majembe, yamepangwa kama kuni. "Ng'wanawane," akaniambia bila kuinua kichwa, ndiyo kusema mwanangu, "mvua iko mlangoni. Nina majembe ya vijiji vitatu hapa. Chuma chako njoo baada ya kupanda." Nikamwambia ni vipande viwili tu. "Na majembe haya nayo kila mmoja anasema lake ni moja tu." Ningeweza kungoja. Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nikaenda porini na shoka nikakata mti mgumu, ule ule tuliotumia mgodini, nikachonga kabari mbili zikiwa mbichi bado zinatoa maji, nikazigongea, nikakaza zile boliti zinazokumbatia springi na ekseli mpaka spana ikalia. Bushi zilizolegea, zile pete za ndani ya macho ya springi, nikazitoa nikaweka ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa kwenye mafuta. Nkwabi akalitoa tena. Safari hii alikawia, nami nilikaa barabarani kama mtu anayengoja majibu ya posa. Aliporudi alizima injini. Akasema, "Linakwenda." Basi. Kwa mtu yule hilo lilikuwa hotuba.

Masika ile nilikuwa mfalme. Mvua ilimwagika kama imetumwa, mifereji ya malori ikajaa maji, na jipu letu likawa linapita juu ya tuta bila kuligusa. Vijana wa nsumba ntale walikuwa wanasimama pembeni na kamba zao mabegani, wanatazama. "Mabula," mmoja akaniita, "umetunyima mbuzi, we mshenzi." Nikamjibu akitaka nyama akalime. Kuna watu sasa hivi pale Kharumwa wana wajukuu, waliovushwa mbuga wakiwa tumboni mwa mama zao kwa sababu ya vidole vile vinne, na wengine nawajua kwa majina. Sioni haya kujisifu. Mtu akifanya kitu kizuri aseme, mradi akifanya kibaya pia aseme. Na kibaya kilikuwa kinakuja, taratibu, kavu kavu, bila kelele.

Mvua zikaisha. Udongo mweusi ukapasuka nyufa za kuingia mguu. Mwezi wa pili wa kiangazi, siku ya Jumatano, Nkwabi alikuwa anamrudisha Bi Zena, mama yake Bwana Hemedi, kutoka kwa ndugu zake Geita. Nyuma ya kiti alikuwa amebeba chungu cha wanzuki alichoagiza kwa Mama Holo na kukipakia asubuhi akitoka, akifikishe kwa akina Kabula wakati wa kurudi. Kabula ndiye binti aliyekuwa anamposa, ng'ombe wa kwanza walishakwenda, na chungu kile kilikuwa cha heshima kwa wakwe. Karibu na kufika, barabara imenyooka, kavu, mchana kweupe, ng'ombe wakakatiza. Nkwabi akakanyaga breki. Gari likaruka kushoto, likaacha barabara, likapanda kichuguu na kulala ubavu. Bi Zena alivunjika mkono. Chungu kikapasuka, wanzuki yote ikammwagikia Nkwabi kuanzia kichwani. Watu waliokimbilia pale walimkuta dereva ananuka pombe kama pipa, na bibi amekaa chini anashika mkono wake. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nao wakasema hicho hicho.

Jioni ile baraza ilijaa. Bi Zena alikuwa amelazwa kitandani mlangoni pale pale, mkono umefungwa vijiti na kanga. Nkwabi amesimama uani, hajabadilisha shati. Mimi nikaingia nikiwa nimeshakasirika kuanzia nyumbani.

"Nkwabi hanywi akiwa kazini," nikasema. "Anayesema kalewa aje anionyeshe kamwona wapi na kikombe."

"Nimemnusa mwenyewe," alisema Bwana Hemedi.

"Umenusa chungu."

"Mama," Bwana Hemedi akageuka, "wewe ulikaa naye. Alikuwa ananukia kabla?"

"Pua yangu ni ya ugoro, mwanangu," Bi Zena akajibu. "Hata nyumba ikiungua nitaambiwa na majirani."

Watu wakacheka chini chini. Bwana Hemedi hakucheka. "Sikiliza, Mabula. Barabara kavu. Ng'ombe kawaona toka mbali. Kakanyaga breki, gari likaenda porini. Hapo kuna mambo mawili tu. Ama dereva kalewa, ama gari bovu. Wewe unaapa dereva hakulewa. Haya. Gari uliliinua wewe. Tuambie."

Nilifungua mdomo kabla sijafikiri. Kikatoka kibaya. "Gari langu zima," nikasema. "Na Nkwabi hakulewa."

"Basi waliolewa ni ng'ombe," Bwana Hemedi akasema.

Safari hii walicheka kwa sauti. Nkwabi hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Bwana Hemedi akanyoosha mkono, Nkwabi akafungua vifungo vyake viwili, akatoa kile kitambaa cheupe, akampa. Lori la pamba lingepita Jumamosi kwenda Geita. Leseni ingekwenda nalo, na barua, kwa polisi. Dereva aliyeandikwa mlevi huko hashiki usukani tena. Angerudi kuchunga ng'ombe wa watu.

Tulilala bila kula. Upande wa pili wa ukuta Mama Holo alikuwa na jirani yake, wanapepeta.

"Baba yake Kabula kasema ng'ombe warudi," jirani alikuwa anasema. "Hatoi binti kwa mtu anayeangusha vikongwe."

"Na wanzuki nilipika mimi, alikuwa anawapelekea wao, maskini."

"Ndiyo, kaamua kuipeleka ndani ya tumbo isimwagike."

Wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka. Nikainuka kwenda kuwanyamazisha. Nkwabi akasema gizani, "Kaa chini." Nikakaa. "Umesema gari zima."

"Zima."

"Umeliangalia?"

Nikajifunika shuka.

"Hujaliangalia," akasema, akageukia ukuta.

Kesho yake mchana, watu wote wamekimbilia vivulini, nikaenda nyuma ya duka walikolivuta jipu, nikaingia chini na spana. Sikuhitaji spana. Nati ya kwanza niliigusa kwa vidole ikazunguka. Kabari ya kushoto ilikuwa inacheza kama jino la mtoto; mti wangu, uliokunywa masika nzima ukabana kama nilivyosema utabana, ulikuwa umekauka, umesinyaa, umepasuka katikati. Boliti zikabaki zimekumbatia hewa. Ekseli upande ule ilikuwa imerudi nyuma upana wa kidole. Ukikanyaga breki, gurudumu moja linavutwa nyuma na gari linalifuata. Mgodini mti haukauki kamwe, ndiyo maana sikuwahi kuliona jambo hilo. Mwanamke yeyote wa pale anayetwanga angeniambia kwamba kinu hakichongwi kwenye mti mbichi. Lakini mimi sikuuliza wanawake wanaotwanga, mimi nilikuwa fundi.

Nitasema yote. Spana ilikuwa mkononi. Mizunguko minne kila nati, ekseli inasogezwa kwa mtaimbo, robo saa tu, na hakuna mtu chini ya mbingu angejua. Ningebaki fundi wa vidole vinne. Nkwabi angekuwa mlevi, na mimi ningeendelea kumtetea kwa kelele maisha yangu yote, na watu wangesema ona Mabula anavyompenda rafiki yake. Nilikaza nati moja. Naiona mpaka sasa ilivyoingia, laini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kelele zangu zote za kumtetea mtu zilikuwa rahisi, kwa sababu siku zote aliyekuwa anapigwa ni mwingine. Nikailegeza nati ile mpaka ikawa kama nilivyoikuta, nikatoka, nikaenda barazani.

"Bwana Hemedi, naomba uje uone kitu."

Alikuja. Nikamwonyesha kwa kidole, akasema haoni. Akavua koti, akalala chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, tukawa wawili tumelala bega kwa bega chini ya jipu kama watoto wanaojificha. Akanyoosha mkono akaitikisa kabari. Ikatikisika.

"Hiki ni nini?"

"Mti."

Akaitikisa tena. "Mama yangu umempandisha juu ya mti."

"Ndiyo, Bwana."

"Nani mwingine kaona?"

"Hakuna."

Akaitazama spana kifuani kwangu, akaitazama nati, akanitazama. Nilikuwa nangoja kofi, na nilishaamua hilo sitalirudisha. "Nilidhani nimeajiri mlevi," alisema mwishowe. "Kumbe nimeajiri mjinga. Haya, mjinga anafundishika. Toka, nisaidie kuinuka."

Bi Zena ndiye aliyetoa hukumu, kutoka kitandani kwake. "Mimi sina mkono. Maji yangu atachota nani? Huyu huyu." Nilichota maji yake mpaka mkono ukaunga, ndoo kwa ndoo, wasichana wa kisimani wananiita Mama Mabula, na sikumpiga mtu. Luhende mhunzi hakuwa na majembe tena msimu ule. Alinifulia kabari za chuma kwa alasiri moja, kutoka kwenye mhimili wa plau iliyovunjika, akatoboa tundu katikati ili boliti ipite na kabari isiwe na pa kukimbilia. Aliponikabidhi aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ijumaa jipu likawa tayari. Bwana Hemedi akamrudishia Nkwabi leseni mbele ya watu wa msikitini, kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Nkwabi akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja kwenye kitambaa, akafunga vifungo. Mimi hakuniambia neno. Siku mbili chumba kile kilikuwa na watu wawili na sauti moja, yangu, na hata mimi nikachoka kuisikia.

Jumapili nikamfuata kwenye gari. Kwetu mtu akiharibu jina la mwenzake analeta mbuzi, wazee wanakaa, wanakula, yanakwisha. Nikamwambia mbuzi ninaye, nimeshamfunga.

"Mbuzi ataliwa siku moja," Nkwabi akasema. "Maneno bado yanatembea. Nimehesabu nyumba tano yanakolala. Wewe una mdomo. Panda."

Tukaenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa kilabu cha pombe cha sokoni, alikokaa yule niliyemkunja shati. Nkwabi alisimama mlangoni, mikono nyuma, mimi nikaingia katikati nikasema: siku ile Nkwabi hakulewa, mimi ndiye niliyeweka mti mbichi kwenye gari, mti ukasinyaa, gari likaruka. Wakanirudisha nyuma niseme tena pale pa mti mbichi. Nikasema tena. Ya pili kwa nsumba ntale, ambaye alinifanya niseme mbele ya vijana wake wote na kamba zao, na wakanitungia wimbo papo hapo, jina langu na la mama yangu. Nilimwangalia Nkwabi nikidhani atawanyamazisha. Alikuwa anapiga makofi kufuatisha. Ya tatu, ya nne. Kufika ya nne nilikuwa nimeacha kutafuta maneno ya kujipunguzia. Nilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Ya tano ilikuwa kwa baba yake Kabula. Mzee yule alikuwa amekaa kwenye kigoda, akanisikiliza bila kunitazama. Mkwe haongei ovyo. Aliyeongea ni bibi yake Kabula, ametulia mkekani, anachambua karanga.

"Kwa hiyo siku ile hakulewa."

"Hakulewa, bibi."

"Hata kidogo."

"Hata tone."

"Na ile wanzuki yetu?"

"Ilimwagika yote."

"Hiyo ndiyo hasara," bibi akasema. Akamwangalia Nkwabi aliyekuwa bado amesimama penye uzio. "We mume wangu, unasimama huko kama unakuja kudai. Kabula, mletee huyu kitu anywe."

Baba yake Kabula akainuka, akasogeza kigoda chake mwenyewe, akaenda kukaa kwenye gogo. Nkwabi akakaa. Kabula akaleta kibuyu cha pombe kwa kupiga goti, na ukweni kibuyu hakikataliwi, wala hakirudishwi kikiwa nusu, wala hakiwi kimoja. Alikunywa viwili, taratibu, macho chini, jasho linamtoka. Mimi hawakunipa hata maji.

Tulipofika kwenye jipu alizunguka akakaa upande wa abiria.

"Endesha," akasema.

Nilikuwa najua kuliendesha uani tu, mbele na nyuma. "Sina leseni."

"Ninayo mimi." Akagonga mfuko wake wa shati, akaegemea, akavuta kofia machoni.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vichaka. Niliwasha, nikalitoa pole pole, gia ya kwanza, ya pili, tukaishika ile barabara iliyonyooka. Nilikuwa naungoja usukani useme kitu. Haukusema. Nkwabi kidevu kilishaangukia kifuani, anakoroma, kichwa kinakwenda na gari. Tukakipita kile kichuguu. Nikaongeza mwendo kidogo. Halafu, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na moja na kabari zilikuwa za chuma na nilizifunga mwenyewe, nikanyanyua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani, vidole tu, hewani, nione. Jipu likaendelea kunyooka katikati ya barabara kama ng'ombe anayejua kwao.

"Rudisha mikono," Nkwabi akasema, kofia ikiwa bado machoni.